Haikunyesha

Kinga kaninunulia tikiti na bisi za chumvi,
kanishika kiwiko kana kwamba ngazi hizi sizijui.
Mjukuu wangu, nimezipanda miaka kumi na mmoja
kabla hawajazivika zulia.
Hapa palikuwa ukumbi wa kufumia.
Leo ni sinema, chini yake maduka ya manukato,
na Łódź nzima inajipiga picha kwenye matofali yetu mekundu.
Nakaa. Nakadiria: dirisha lile, nguzo ile.
Mtambo wangu ulisimama hapa hapa,
au safu moja nyuma.

Taa zikazimwa.

Akatokea Mirek Zawada, amefufuliwa,
ana meno mazuri kuliko aliyozikwa nayo.
Kijana anayemwigiza ni mrefu, kidevu cha kutangazia nyembe.
Mirek wetu alikuwa mfupi, bega moja limelala
kwa kubeba majora kule ghalani.
Lakini gitaa lilipotoa mlio wake wa kwanza,
kama mlango wa chuma unaokataa kufungwa,
magoti yangu yakasahau umri.

Oktoba ya themanini na tatu.
Nina vumbi la pamba kwenye nyusi,
nywele nimezisuka kwa uzi wa kijani niliouiba mtamboni,
na Bogna ananivuta mkono: "Wiesia, tutakosa nafasi!"
Nyama ni kwa kadi, sabuni ni kwa kujuana,
ila Jumamosi ile, ukumbi wa zimamoto,
tuliingia bure, maana Bogna alimjua mlinzi
na mlinzi alitaka kumjua Bogna zaidi.

Hilo halimo kwenye filamu.

Kwenye filamu mvua inanyesha. Haikunyesha.
Kwenye filamu wasichana wanalia. Sisi tulicheka
hadi Bogna akashikwa na kwikwi.
Kisha umeme ukakatika. Hapo wamepatia.
Mzee wa zimamoto akamulika jukwaa kwa kurunzi,
na kijana wa kidevu, ndani ya duara la mwanga,
anatoa hotuba: ndugu zangu, hakuna giza la milele.
Fidla zinapanda. Kinga anafuta machozi.
Mimi nabana kicheko kwenye skafu.

Maana sisi wafumaji tulisoma midomo.
Mitambo mia mbili ikinguruma, nani atakusikia?
Tulisengenyana bila sauti, tukaombana chumvi,
tukapashana habari za mimba na za mgomo
mbele ya msimamizi, naye haambulii kitu.
Na usiku ule, umati ukipiga mayowe,
nilimsoma Mirek Zawada akimgeukia mpiga ngoma:
"Viatu hivi vya kaka yangu vinaniua."

Basi. Ndiyo hotuba yake ya gizani.
Nikamwambia Bogna. Kwikwi zikaanza upya.
Tangu hapo, tukikutana langoni saa kumi na moja na nusu alfajiri,
hatukusalimiana kama watu.
"Viatu?"
"Vinaniua."
Hata hospitalini, bomba likiwa kooni, sauti imekwisha,
midomo yake ilisogea.
Nikaisoma.

Sasa kamera inapita juu ya umati, polepole,
nami, mjinga wa miaka sitini na mmoja, najitafuta.
Wamekodi vijana mia tatu, wamewavika makoti ya bibi zao.
Mmoja pembeni, utepe wa kijani kichwani,
anamgeukia mwenzake, anasema jambo
ambalo kinasa sauti hakikulipata.
Namsoma:
"Nina njaa. Watatulisha saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipolia.

Majina yakapanda kwenye kioo, mamia,
mpishi yumo, dereva yumo, mshona makoti yumo.
Taa zikawaka, watu wakikanyaga bisi.
"Bibi, ndivyo ilivyokuwa?"
"Ndivyo," nikamwambia,
kisha, bila sauti, nikamalizia yaliyobaki.
Hakuona.
Alikuwa ameinama, anatafuta glavu yake chini ya kiti.